Walter Kaaden, gwiji wa injini ambaye siri zake zilitoroshewa Japani

Jumapili ya Septemba 17, 1961, katika mji wa Kristianstad nchini Uswidi, pikipiki ndogo iliyoundwa Ujerumani Mashariki ilizima injini mapema katika mashindano ya dunia ya daraja la cc 125. Mwendeshaji wake, Ernst Degner, alikuwa akiongoza msimamo wa ubingwa wa dunia. Mashabiki waliokuwapo walidhani ni hitilafu ya kawaida ya mitambo. Kufikia jioni, Degner alikuwa ameondoka. Hakurudi kwa wenzake wa kikosi cha MZ, wala hakurudi kwao. Alivuka bahari kuelekea Denmark na kutoka huko akaingia Ujerumani Magharibi. Mkewe na wanawe wawili walikuwa wamevushwa mpaka kisiri wikendi hiyo hiyo, wakiwa wamefichwa ndani ya gari. Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanza kujengwa mwezi mmoja tu uliotangulia.

Aliyepata hasara kubwa zaidi siku hiyo hakuwa Degner wala serikali yake. Alikuwa ni mhandisi aliyeiunda pikipiki hiyo, Walter Kaaden. Alikuwa na umri wa miaka 42, na miaka minane ya kazi yake ilikuwa imo kichwani mwa mtu aliyekuwa safarini kuelekea kwa washindani wake.

Kaaden alizaliwa Septemba 1, 1919 katika kijiji cha Pobershau, kwenye milima ya Saxony mashariki mwa Ujerumani. Babake alikuwa dereva wa meneja wa mauzo katika kiwanda cha DKW mjini Zschopau, si mbali na hapo. Kiwanda hicho kilikuwa kimeanzishwa na Mdenmaki, Jørgen Skafte Rasmussen, na kufikia mwisho wa miaka ya ishirini kilikuwa kikiunda pikipiki nyingi kuliko kingine chochote duniani. Karibu zote zilitumia injini ya mapigo mawili. Mwaka 1927, akiwa mvulana wa miaka minane hivi, Kaaden alishuhudia kufunguliwa kwa uwanja wa mbio za magari wa Nürburgring, na tangu hapo mbio zikamwingia damuni. Alisomea uhandisi katika chuo cha kiufundi cha Chemnitz.

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilimkuta akiwa kijana. Mwaka 1940 aliajiriwa na kampuni ya ndege ya Henschel, karibu na Berlin, chini ya Herbert Wagner, mbunifu wa Hs 293. Hilo lilikuwa kombora lililoangushwa kutoka kwenye ndege, likasukumwa na roketi na kuongozwa kwa mawimbi ya redio hadi kwenye meli ya adui. Waandishi wengi wa habari za pikipiki wamezoea kusema kwamba Kaaden alikuwa mwanafunzi wa Wernher von Braun na kwamba aliunda roketi za V-2. Hilo si kweli. Kazi yake ilikuwa kwenye Hs 293, ambayo kuanzia 1943 aliifanyia Peenemünde, kituo cha majaribio kilichoko kwenye pwani ya Baltiki, hadi ndege za Uingereza zilipokishambulia kituo hicho kwa mabomu mwezi Agosti mwaka huo. Baadaye kazi hiyo ilihamishiwa kwenye mahandaki ya milima ya Harz.

Si haki kuipita sehemu hii ya maisha yake upesi, kama ifanywavyo mara nyingi. Kombora hilo lilizamisha meli. Mnamo Novemba 1943 lilizamisha meli ya Rohna katika Bahari ya Mediterania, na wanajeshi zaidi ya 1,000 wa Marekani wakafa. Nayo mahandaki ya Harz yalichimbwa na kuendeshwa kwa jasho la wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora, ambako watu wapatao 20,000 walipoteza maisha. Kaaden alikuwa mhandisi kijana miongoni mwa maelfu ya wahandisi, naye hakuwa na cheo kikubwa. Hata hivyo, ujuzi alioupata wa jinsi gesi na mitetemo inavyofanya kazi ulipatikana katika mazingira hayo, na anayemsifu hana budi kulikumbuka hilo pia.

Vita vilipokwisha, Kaaden alizuiliwa kwa muda na Wamarekani, kisha akarudi Zschopau, eneo ambalo sasa lilikuwa chini ya Wasovieti. Huko alifungua biashara ya mbao. Nyumba nyingi zilikuwa zimebomolewa kwa mabomu, na mtu aliyejua kupiga hesabu za mbao za kuezekea paa hakukosa kazi. Mchana alitengeneza mapaa. Wakati wa mapumziko alijiundia pikipiki ya mbio kutokana na DKW RT 125, akashindana nayo katika mashindano ya mashinani.

Wakati huo huo kulikuwa na fundi mwingine, Daniel Zimmermann, aliyekuwa amebuni njia mpya ya kuingiza hewa na petroli kwenye injini kama hiyo. Alitumia kisahani chembamba cha chuma chenye pengo, kinachozunguka pamoja na mtambo na kufungua au kufunga njia kwa wakati barabara. Pikipiki yake iliwashinda hata wale waliotumwa na kiwanda cha serikali. Wakuu wa shirika la IFA, lililosimamia viwanda vya magari vya Ujerumani Mashariki, walitambua kwamba mafundi wa mitaani wanawashinda. Mwaka 1953 walimwita Kaaden achukue usukani wa idara ya mbio mahali pa Kurt Kampf. Miaka michache baadaye pikipiki za Zschopau zilianza kuitwa MZ.

Ili kuelewa alichokifanya Kaaden, yafaa kwanza kuielewa injini yenyewe. Msomaji aliyewahi kuvuka kwa mashua kutoka Mokowe hadi Lamu, au aliyewahi kumwona mpasuaji mbao akichanganya petroli na oili kabla ya kuwasha msumeno wake, ameshakutana nayo. Injini ya mapigo mawili haina vali wala kamu kama zile za gari. Ina matundu kwenye ukuta wa silinda ambayo pistoni huyafunika na kuyafunua inapopanda na kushuka. Ni mashine sahili, nyepesi na ya bei nafuu. Dosari yake ni kwamba moshi unapotoka na mchanganyiko mpya wa hewa na petroli unapoingia, matundu ya kutokea na ya kuingilia huwa wazi kwa wakati mmoja. Sehemu ya petroli mpya hutoka moja kwa moja pamoja na moshi kabla haijaungua. Nguvu hupotea, na mafuta pia.

Kwa miaka mingi bomba la moshi lilichukuliwa kuwa mfereji tu wa kuondolea taka. Kaaden hakuwa wa kwanza kushuku kwamba linaweza kufanya kazi zaidi ya hiyo. Mhandisi aitwaye Limbach alikuwa amelifikiria jambo hilo kabla ya vita, naye Erich Wolf alikuwa ameweka mabomba yaliyotanuka katikati kwenye pikipiki za DKW za mwaka 1951. Lakini hao walijua kwamba linafaa pasipo kujua vyema kwa nini. Kaaden aliuleta upimaji. Alitumia chombo cha kielektroniki kinachochora mawimbi kwenye kioo, akaona jinsi mgandamizo ndani ya bomba unavyopanda na kushuka injini ikiwa inanguruma, kisha akaandika hesabu za jambo hilo.

Aliyoyaona ni haya. Tundu la moshi linapofunguka, gesi hufyatuka kwa kishindo, na kishindo hicho husafiri ndani ya bomba kama wimbi. Bomba likitanuka taratibu kama koni, wimbi la kufyonza hurudi kuelekea kwenye silinda. Hilo huvuta moshi uliobaki na kuusaidia mchanganyiko mpya kupanda. Kisha bomba likifinywa upya kwa koni ya pili iliyogeuzwa, sehemu ya kishindo hugonga hapo na kurudi kama msukumo. Likipigiwa hesabu vyema, wimbi hilo la pili hufika kwenye tundu katika nukta ya mwisho kabla ya pistoni kulifunga, na kuirudisha ndani petroli iliyokuwa ikitoroka. Bomba tupu la bati, lisilo na kipande hata kimoja kinachosogea, linakuwa kama pampu.

Ugumu wake uko kwenye muda. Injini inayozunguka mara 10,800 kwa dakika hukamilisha mizunguko 180 kila sekunde. Tundu la moshi hubaki wazi kwa muda usiofika elfu tatu za sekunde. Katika gesi yenye joto, wimbi husafiri kama mita 500 kwa sekunde, kwa hivyo safari nzima ya kwenda na kurudi haiwezi kuzidi mita moja na nusu hivi. Sentimita chache za ziada zinatosha kulifanya wimbi lichelewe na kuukuta mlango umefungwa. Ndiyo sababu pikipiki hizo zilikuwa dhaifu katika kasi ya chini, kisha ghafla zikaruka mbele zilipofikia kasi ambayo bomba lilipimiwa. Waendeshaji walilazimika kubadili gia mara kwa mara ili wasianguke nje ya kipimo hicho chembamba.

Mambo yalizidi kuwa magumu silinda zilipoongezeka. Mtu angedhani kwamba injini ya silinda mbili inaweza kutumia bomba moja lenye matawi, kama ilivyo kwenye magari mengi. Lakini katika injini ya mapigo mawili, kishindo cha silinda moja huingia kwenye tawi la jirani yake na kufika wakati usiofaa, kikavuruga yote yaliyopimwa. Kuna tofauti moja. Silinda zikiwa tatu na zikipokezana kwa vipindi sawa, kishindo cha jirani huweza kufika karibu na wakati ule ule ambapo wimbi la kurudi lingehitajika. Ndiyo maana magari ya silinda tatu yaliyotumia injini hizo, mfano Wartburg ya Ujerumani Mashariki na Saab za zamani, yaliweza kutumia bomba la pamoja bila kuumia sana. Kwa pikipiki za mbio, Kaaden alishikilia kwamba kila silinda ipewe bomba lake kamili. Pikipiki yake ya cc 250 ilikuwa kimsingi injini mbili za cc 125 zilizofungwa ubavu kwa ubavu, kila moja na kisahani chake na koni zake.

Mwaka 1954 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvufarasi 13. Aliongeza kisahani cha Zimmermann, akabadili umbo la kichwa cha silinda kufuata mawazo ya Wolf, na akatoboa njia ya tatu ya kupitishia petroli ambayo pia ilipoza pistoni. Kufikia 1961 injini ya ukubwa ule ule ilitoa nguvufarasi 25, sawa na 200 kwa kila lita ya ujazo. Hakuna injini isiyosukumiwa hewa kwa mtambo wa ziada iliyokuwa imewahi kufika hapo. Kwa kulinganisha, bodaboda ya cc 150 inayobeba abiria katika miji yetu leo hutoa kama 12 hivi, ingawa yenyewe, bila shaka, imeundwa idumu na si kushinda.

Ushindi ulikuja. Horst Fügner alishinda mkondo wa Uswidi wa daraja la cc 250 mwaka 1958. Degner akashinda Monza mwaka 1959. Haya yalipatikana katika karakana ndogo, ndani ya nchi iliyokosa vyuma bora na fedha za kigeni, dhidi ya Wataliano na baadaye Honda ya Japani. Mara nyingi pikipiki za MZ ziliongoza kisha zikavunjika, kwa kuwa hesabu za Kaaden zilikuwa zimeutangulia mbali ubora wa vyuma alivyopewa.

Degner hakuwa mwendeshaji tu. Alikuwa amesomea ufundi, alishiriki kazi za karakana, na aliijua injini ile karibu kama alivyoijua aliyeiunda. Mwaka 1961 alishinda Hockenheim, Sachsenring mbele ya watu wa kwao, na Monza. Lakini alikuwa pia mtu aliyesafiri Ulaya Magharibi na kuona jinsi waendeshaji wengine walivyoishi. Kampuni ya Suzuki ya Japani, ambayo pikipiki zake za mapigo mawili zilikuwa zikiachwa nyuma vibaya, ilizungumza naye kisiri mwaka huo katika kisiwa cha Man.

Baada ya kutoroka, wakuu wa Ujerumani Mashariki walidai kwamba aliiharibu injini makusudi kule Uswidi, wakamnyima leseni. Hakuweza kushiriki mkondo wa mwisho nchini Argentina. Tom Phillis wa Honda alishinda mkondo huo na kutwaa ubingwa wa dunia kwa alama 44 dhidi ya 42 za Degner. Alama mbili ndizo zilizowanyima Kaaden na Zschopau taji ambalo hawakuwahi kulipata tena.

Mwezi Novemba Degner alikuwa Hamamatsu, kwenye karakana ya Suzuki. Mwaka uliofuata, 1962, akawa bingwa wa kwanza wa dunia wa daraja jipya la cc 50. Lilikuwa taji la kwanza la dunia kutwaliwa na injini ya mapigo mawili. Mwaka 1963 Hugh Anderson alitwaa mawili zaidi kwa Suzuki, na mwaka 1964 Phil Read akatwaa la cc 250 kwa Yamaha. Degner mwenyewe hakuufaidi ushindi huo kwa muda mrefu. Mwishoni mwa 1963, katika uwanja wa Suzuka, alianguka na kuungua vibaya, akafanyiwa upasuaji mwingi wa kupandikiza ngozi. Alifariki mwaka 1983 akiwa na umri wa miaka 51 katika kisiwa cha Tenerife. Kona mbili za Suzuka zina jina lake hadi leo.

Je, Degner alikuwa mwizi? Wapo wasemao hivyo bila kusita. Mwandishi wa makala haya anaona si rahisi kumhukumu mtu aliyewatoa mke na watoto katika nchi iliyokuwa ikijifungia kwa seng'enge. Lakini haifichiki kwamba aliyelipa gharama ya safari hiyo ni rafiki yake wa karakanani.

Kaaden alibaki. Vizuizi vya safari viliongezeka, na waendeshaji wa MZ wakawa wanakosa baadhi ya mikondo kwa kunyimwa viza za nchi za Magharibi. Aliwakabidhi pikipiki zake waendeshaji wa kigeni. Mwaka 1963 Mike Hailwood, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa cc 500, alishinda kwa MZ ya cc 250 pale Sachsenring mbele ya umati mkubwa. Mwaka 1964 Alan Shepherd alishinda Daytona, Marekani. Kati ya 1955 na 1976, MZ ilishinda mikondo 13 ya mashindano ya dunia na kumaliza miongoni mwa watatu bora mara 105. Katika mashindano magumu ya siku sita ya nje ya barabara, timu ya Ujerumani Mashariki ikitumia MZ ilitwaa kombe kuu mwaka 1963, na ikalihifadhi hadi 1967.

Nje ya Zschopau, hesabu za mabomba ziliendelea kuwasumbua wahandisi. Silinda zikawa nne, na kila moja ilidai bomba lake lenye tumbo pana. Yapitie wapi? Yakipita chini yote, pikipiki ikilala kwenye kona yanakwaruza lami. Yamaha ililazimika kuyabana mengine yawe bapa. Suzuki, katika RG500, ilizipanga silinda kama pembe za mraba. Mabomba mawili ya mbele yakapita chini, na mawili ya nyuma yakapanda kuelekea mkiani. Pikipiki hiyo yenye visahani vinavyozunguka, uzao wa moja kwa moja wa kazi ya Zschopau, ilimpa Barry Sheene ubingwa wa dunia 1976 na 1977. Honda nayo, mwaka 1984, ilijaribu kuliweka tangi la mafuta chini ya injini na kuyapitisha mabomba juu, mahali ambapo tangi hukaa. Mwendeshaji aliketi nyuma ya tanuri, na mafundi hawakuweza kugusa kabureta bila kuungua. Mwaka uliofuata kila kitu kilirudishwa mahali pake.

Kuanzia 1975, kila bingwa wa dunia wa cc 500 alitumia injini ya mapigo mawili, hadi Valentino Rossi mwaka 2001. Hiyo ni misimu 27 mfululizo. Baada ya hapo sheria mpya zilizipa nafasi injini kubwa za mapigo manne. Daraja la cc 250 lilifungwa mwaka 2009, nalo la cc 125 likafuata 2011. Moshi wa oili inayoungua na petroli inayopotea, ile ile ambayo Kaaden alitaka kuirudisha ndani, ndiyo iliyoziondoa pia barabarani katika nchi nyingi.

Kaaden hakuyaona hayo ya mwisho. MZ ilipojiondoa kwenye mbio za dunia, aliendelea kufanya kazi kiwandani akishughulikia pikipiki za kawaida. Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989 alikuwa na miaka 70. Wahandisi na waandishi kutoka nchi za Magharibi, ambao hapo awali walimjua kwa jina tu, waliweza sasa kufika Zschopau bila vikwazo. Alifariki Machi 3, 1996 akiwa na umri wa miaka 76. Katika ngome ya kale ya Wildeck, mjini humo, kuna makumbusho ya pikipiki ambako wageni hutazama mashine za DKW na MZ zilizoundwa chini ya kilima hicho.